Mmoja Hulia, Mwingine Huvaa Kengele

Mwindaji akishamfungulia mbwa wake porini, kinachomsumbua kwanza si mnyama anayewindwa. Ni mbwa mwenyewe. Kufumba na kufumbua keshazama kwenye majani, na mwindaji amebaki kusimama, anatega sikio. Amekwenda upande gani? Amepata kitu, au amejilaza chini ya mti anajikuna?

Sasa sikilizeni, wajukuu zangu, maana watu wa nchi mbili zisizojuana waliikuta shida hii hii moja, na kila upande ukaimaliza kwa njia yake. Waingereza walimtaka mbwa mwenye koo: akishika harufu ya sungura hupiga ukelele mrefu ambao hata aliye ng'ambo ya bonde anausikia. Wawindaji wa misitu ya Kongo walikuwa na mbwa asiyebweka, basi wakachonga kengele ya mti wakamfunga shingoni. Yule wa kwanza anaitwa Beagle. Wa pili ni Basenji.

Siku hizi wote wawili ni mbwa wa nyumbani. Wanalala kwenye makochi ya watu London na Chicago, na Beagle hata Nairobi utamkuta. Na kila siku yupo mtoto mahali anayemwonyesha mama yake picha kwenye simu: "Mama, nataka huyu, ona macho yake!" Macho ni mazuri kweli, sikatai. Lakini hufugi macho, unafuga mbwa mzima, na mbwa wa kuwinda hastaafu. Mtoe porini, mpe sahani na godoro, kazi ya babu zake ataendelea nayo humo humo sebuleni kwenu. Kwa hiyo kabla hujampenda, uliza ukoo wake ulikuwa na kazi gani.

Tuanze na Mwingereza.

Beagle ni mbwa mfupi, kifua kipana, masikio makubwa yanayoning'inia mpaka chini ya mashavu. Ukimpima kutoka chini hadi begani ni kati ya sentimita 33 na 40, na uzito wake ni kama kilo 10 hivi. Wengi wana rangi tatu, nyeusi, kahawia na nyeupe, na ncha ya mkia huwa nyeupe. Weupe ule si pambo. Beagle akiinamisha pua kwenye nyasi ndefu mwili wote hupotea, unabaki mkia umesimama wima, na ile ncha ndiyo mwindaji anayoifuata kwa macho.

Mbwa wadogo wa kunusa walikuwako Uingereza tangu zamani. Malkia Elizabeth wa Kwanza, aliyefariki mwaka 1603, alikuwa nao wadogo kabisa. Lakini huyu tunayemjua leo alianza kupata umbo lake miaka ya 1830, pale mchungaji mmoja wa kanisa huko Essex, Phillip Honeywood, alipokusanya kundi lake la kuwindia. Kundi, shikeni hapo. Beagle hakuzoea kuwinda peke yake. Walitoka wengi kwa pamoja, pua chini, kelele juu, na nyuma yao watu wakitembea kwa miguu. Farasi hakuhitajika sana, kwa kuwa sungura akikimbizwa huzunguka na kurudi karibu na alikotokea. Sasa fikiria kundi zima la mbwa wanaolala banda moja na kula pamoja. Mgomvi hana nafasi humo. Mkali aliondolewa, mpole akazalishwa, miaka nenda miaka rudi, ndiyo maana Beagle wa leo anawapenda watu wote na mbwa wote, na mgeni aliyebeba mkate anampenda kupita kiasi.

Upole huo umemletea balaa pia, na sioni sababu ya kuwaficha. Maabara zinazopima dawa kwa mbwa hupendelea Beagle kuliko aina nyingine, kwa sababu ni mdogo na hamrukii mtu anayemchoma sindano. Mwaka 2022, huko Virginia nchini Marekani, Beagle wapatao 4,000 waliondolewa katika shamba lililokuwa likiwazalisha kwa kazi hiyo, wakatafutiwa familia za kuwalea.

Lakini pua yake, jamani! Ukishuka kwenye ndege Marekani, unangoja sanduku lako litokeze kwenye mkanda, unaweza kumwona Beagle mwenye kizibao akipita katikati ya miguu ya watu pamoja na ofisa wake. Kazi hiyo ilianza mwaka 1984 kwenye uwanja wa ndege wa Los Angeles. Mwanafunzi huanza na harufu tano: tufaha, jamii ya machungwa, embe, nyama ya ng'ombe na nyama ya nguruwe. Embe, mmesikia? Chukulia shangazi anatoka Dar es Salaam na dodo mbili. Kazifunga kwenye kanga, kanga kaitia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko kauzika katikati ya nguo. Anadhani amemaliza. Beagle anapita, anasita, anarudi hatua mbili, anapitisha pua kwenye zipu, kisha anakaa kitako. Basi. Habweki, hakwaruzi sanduku, anakaa tu na kumwinulia ofisa macho, anangoja kipande chake cha biskuti. Embe linakamatwa kwa sababu linaweza kubeba nzi wa matunda, na nyama kwa sababu inaweza kubeba maradhi ya mifugo. Na Beagle ndiye anayepewa kazi hiyo kwa kuwa abiria hawamwogopi, na kwa kuwa hakuna kazi duniani atakayoikataa akiahidiwa chakula.

Hilo la chakula mlizingatie, kama kwenu kuna jiko. Pua inayoliona embe ndani ya sanduku haishindwi kujua sufuria ya maharage imewekwa wapi. Atasukuma kiti, atapanda, atafunua. Pipa la taka kwake ni duka lililoachwa wazi. Na akishakula hajui kushiba, kwa hiyo hunenepa vibaya hadi mgongo na magoti yakamuuma. Nyumba yenye Beagle hupima chakula chake kwa kikombe, asubuhi na jioni, na watoto wote hukubaliana kwamba anayemrushia kipande cha chapati chini ya meza anamwumiza. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwa mbwa yeyote, lakini Beagle ndiye atakayevipata hata vikifichwa. Masikio yake nayo hayapitishi hewa. Kila wiki yafunuliwe, yatazamwe, yakitoa harufu mbaya apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Haya, tuvuke twende Kongo.

Kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, katika msitu wa Ituri, ambako wengi wanasema Kiswahili kama ninyi, wako Wambuti na Waefe. Wambuti hutega nyavu ndefu kati ya miti, na Waefe hutumia mishale zaidi. Mbwa anaingia kwenye kichaka kizito kuwatimua paa wadogo watoke mafichoni. Anakwenda kimya. Kinachosikika ni kengele, kok-kok-kok, mara mbali, mara karibu, na mwenye mshale anageuka kuifuata. Mtafiti Mjerumani Georg Schweinfurth, aliyepita nchi ya Wazande, watu wa kaskazini ya msitu huo, mwaka 1870, aliwakuta huko mbwa wadogo wenye mkia uliojikunja na kengele ya mti shingoni, akaandika habari zao.

Ukimwona Basenji utamjua. Mwili mwepesi, miguu mirefu, masikio yamesimama, na mkia umejiviringa juu ya kiuno ukabana. Paji la uso limejaa mikunjo, kwa hiyo muda wote anaonekana ana wasiwasi na jambo fulani. Dume hufika sentimita 43 begani na kilo 11, jike ni mdogo kidogo. Rangi yake mara nyingi ni nyekundu ya udongo, na miguu, kifua na ncha ya mkia ni nyeupe. Wapo weusi, wapo wa rangi tatu, wapo wenye milia. Na ni msafi ajabu. Anajilamba mwili mzima na kujipangusa uso kwa mkono, afanyavyo paka, wala hana ile harufu ya mbwa aliyelowa.

Watu husema Basenji ni bubu. Si kweli. Zoloto lake, yaani kile kisanduku cha sauti kilichomo kooni, lina umbo lake tofauti, kwa hiyo mbweko ule wa wau-wau-wau mfululizo haumtoki. Anaweza kutoa mbweko mmoja mkavu akishtuka, kisha akanyamaza. Akifurahi hutoa sauti inayopanda na kushuka, kama jogoo anayejifunza kuwika huku anacheka. Na akifungiwa ndani peke yake anaweza kupiga yowe la kukufanya utoke nje na tochi.

Kufika kwake Ulaya hakukuwa rahisi. Mwaka 1895 wawili walionyeshwa London kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, na muda si mrefu wakafa kwa distempa, ugonjwa wa mbwa ambao miili yao haikuuzoea. Miaka ikapita. Mwaka 1936 mama mmoja Mwingereza, Olivia Burn, alipeleka wengine, na walipoonyeshwa Crufts mwaka uliofuata watu walisukumana kumwona mbwa asiyebweka. Mwaka 1959 mfugaji Veronica Tudor-Williams alisafiri hadi kusini mwa Sudan akarudi na jike mwekundu aliyepewa jina la Fula, na Basenji wengi sana wa leo huko Magharibi ni wa ukoo wake.

Mnaona tatizo linakuja? Mbwa wa mwanzo walikuwa wachache mno. Wajukuu wakaoana na wajukuu, na ugonjwa uliojificha kwenye damu ya babu mmoja ukatokea kwa watoto wengi. Wafugaji wa Marekani walipotambua hivyo walifunga safari kwenda Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, mwaka 1987 na tena 1988, wakapita vijijini kutafuta mbwa wenye damu mpya. Mwaka 1990 chama kikuu cha mbwa cha Marekani kikakubali kuwaandika mbwa hao katika daftari lake la nasaba. Wenye milia wengi mnaowaona kwenye picha wametokana na safari zile. Mimi hadithi hii huniburudisha, kwa sababu daktari wa mbwa wa kochini Chicago alikuwa ni mbwa wa kijijini, aliyekuwa akijitafutia mwenyewe mabaki ya chakula nyuma ya jiko.

Na tabia? Beagle alitumikia kundi. Basenji alitangulia mbele ya mtu, ndani ya majani yasiyoonyesha kitu hatua tano mbele, na humo aliamua mwenyewe: nipite huku au kule, nimfuate huyu au nimwache. Hakuna aliyekuwa nyuma yake kumwambia. Mwite Beagle uwanjani wakati ameshika harufu, hakusikii, pua imemziba masikio. Mwite Basenji. Amesikia. Amegeuka, amekutazama, sasa anafikiria kama kuna faida.

Haya, waingizeni nyumbani kwenu muone.

Huku kwetu mtu akisikia "mbwa", anawaza ulinzi. Kwa kazi hiyo wote wawili mtapata hasara. Mwizi akiruka ukuta usiku, Beagle atapiga kelele mtaa mzima uamke, ila alipiga kelele hizo hizo saa tatu paka alipopita, na saa tano mlinzi wa jirani alipokohoa, kwa hiyo hakuna anayetoka. Naye mwizi akimtupia kipande cha nyama wameshakuwa marafiki. Basenji atamwona mwizi mapema kabisa, atakaa dirishani amekunja paji, atamtazama kwa makini kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hatawaambia.

Kuku je? Msijaribu. Basenji anawinda kwa macho na kwa pua, na chochote kinachokimbia mbele yake hukimbizwa, awe kuku wa bibi au sungura wa jirani. Beagle ni mzito kidogo wa kuanza, lakini naye ni wa kuwinda sungura, msimwamini. Nje ya geti wote wawili watembee na kamba, hata awe mtiifu namna gani ndani. Uzio wa waya ambao Beagle anauchimba kwa chini, Basenji anaupanda kwa juu. Nimesema anaupanda, sikusema anauruka: anashika matundu ya waya kwa miguu, moja baada ya nyingine.

Halafu kuna ule utaratibu wetu wa kumfungia mbwa bandani mchana kutwa na kumfungulia usiku. Kwa hawa wawili ni mateso. Beagle aliyezoea wenzake akiachwa peke yake hulia saa nzima bila kupumzika, majirani watakuja na malalamiko. Basenji halii sana, anafanya kazi: anatafuna viatu, mito, kona ya meza, waya wa televisheni. Kila mmoja anahitaji kama saa nzima ya kutembea au kukimbia kila siku. Kwa hiyo nyumba ambayo kwa sababu ya dini mbwa haingii ndani, kama familia nyingi za Kiislamu pwani, au ambayo watu wote hutoka alfajiri na kurudi magharibi, isichukue yeyote kati yao. Mvua pia iko kwenye hesabu. Beagle atatoka nayo, matope hadi tumboni. Basenji atafika kizingitini, atanyoosha mguu mmoja, atarudi ndani.

Wadogo zenu wa miaka mitatu minne, wanaovuta masikio na kukumbatia kwa nguvu, wako salama zaidi na Beagle. Ana subira kubwa, ingawa hata yeye asiachwe na mtoto mchanga bila mtu mzima, na hakuna mbwa anayependa kusumbuliwa akila. Basenji anawapenda watu wake sana, lakini kwa masharti yake. Anakuja kulala ubavuni mwako akitaka, na asipotaka anaondoka. Mtoto wa miaka kumi au zaidi, asiye na pupa, anayeweza kumwacha mbwa aje mwenyewe, atapata rafiki mwenye akili kali na vituko visivyoisha.

Mkiniuliza mimi nichague kwa ajili ya familia ya watoto wengi, nitasema Beagle, bila kusita, mradi nyumba ina uwanja na majirani hawako ukutani. Kama ni mtoto mmoja mkubwa na mzazi anayefanya kazi nyumbani, nitasema Basenji. Ukimya wake peke yake usiwe sababu, maana nimeona watu wakimtaka kwa sababu wanaishi ghorofani, wanasahau kwamba mbwa huyu alizaliwa kukimbia msitu mzima asubuhi moja. Wote wawili huishi miaka 12 na zaidi, yaani wewe wa miaka kumi leo utakuwa na zaidi ya ishirini, pengine uko chuo mbali, na mama yako ndiye atakayemshika kamba. Mwulizeni na yeye. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima kwa yeyote mtakayemchukua, na irudiwe kwa wakati daktari anaosema.

Mkienda kununua, msichukue mtoto wa mbwa kabla hamjamwona mama yake. Mama wa Beagle akijificha na kutetemeka mbele ya wageni, kuna jambo haliko sawa, kwa sababu Beagle wa kawaida angekuwa ameshaingiza pua kwenye mfuko wa baba yenu. Kwa Basenji mnahitaji na karatasi. Anaweza kupata ugonjwa wa figo uitwao Fanconi: figo zinashindwa kuzuia sukari na madini visitoke na mkojo, mbwa anakunywa maji kupita kiasi na kukojoa kila wakati, na kwa kawaida hujitokeza akiwa ameshakua na mmeshamzoea. Tangu 2011 kipo kipimo cha vinasaba kinachoonyesha kama baba na mama wanaubeba. Mfugaji wa kweli huwa ameshakifanya na atawaonyesha majibu bila kununa. Tena, jike wa Basenji hushika mimba msimu mmoja tu kwa mwaka, tofauti na mbwa wengi ambao huweza mara mbili, kwa hiyo wafugaji huwa na orodha ya watu wanaosubiri. Muuzaji anayewaambia watoto wapo mwezi wowote, rangi yoyote, leteni pesa leo, mwageni kwa heshima mwondoke.